Mdomo Umefungwa, Jibu Analitaka Leo

"Toa mkono mdomoni nikuone," Fundi aliniambia mlangoni.

Sikutoa. Huyu fundi friji nilimpenda, lakini simu zake nilikuwa nimeacha kupokea. Taya langu la chini lilizidi mbele tangu utotoni, na baada ya madaktari kunifunga nyaya za meno likaonekana limezidi zaidi.

"Kama umepata mwingine sema, nikalie vizuri."

"Naona aibu. Nimezidi kuwa mbaya."

"Hiyo tu? Twende wote kwa hao madaktari."

Tuliwakuta wawili, picha ya taya langu ikiwaka ukutani: mama mmoja, daktari wa kupanga meno, na daktari wa upasuaji.

"Mmemharibu," Fundi akasema.

"Makusudi, baba," mama akacheka. "Meno yake yalijilaza kuficha kasoro ya taya. Nimeyasimamisha, kasoro ikatoka yote nje. Sasa mwenzangu alirudishe taya nyuma, meno yakutane."

"Asingeyasimamisha," yule wa upasuaji akadakia, "mimi ningelikata taya nilipeleke wapi?"

Fundi akanitazama. "Basi nakusubiri."

Nilifanyiwa upasuaji. Nilipozinduka, meno ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa raba ndogondogo. Kesho yake madaktari wote wawili walikuwa wananikagua Fundi alipoingia, jasho linamtoka.

"Nimechoka kungoja, acha niseme mbele yao. Nataka kukuoa. Unakubali?"

Moyo ulinidunda mpaka kwenye uvimbe wa mashavu.

"Mmh," nikajibu kwa pua.

Akasawijika. "Mh-mh? Umekataa?"

"Amekubali," daktari wa upasuaji akasema.

"Mimi nimesikia hapana," mama akabisha. "Mdomo huu naujua kuliko wewe."

"Taya nimelikata mimi."

"Na raba ni zangu."

"Mmh! Mmh!" nikahangaika, ikazidi kuwa vurugu. Fundi akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, macho chini.

Nikaikwapua simu yangu mezani, nikamwandikia ujumbe. Simu yake ikalia mfukoni. Akasoma kwa sauti:

"NDIYO. Na hao wawili waambie wanyamaze."

Mama alicheka mpaka akamwegemea mwenzake. Fundi alikuwa ameshafika kitandani. Nami nikacheka kwa pua, na kwa mazoea nikataka kuziba mdomo. Mkono mmoja ulikuwa na simu. Wa pili, Fundi alikuwa ameshaushika.