Gonga Tatu, Toka

Jumapili ile ilianza kama Jumapili zote. Gereji za jirani zimefungwa, mbwa wa mlinzi amelala katikati ya barabara kama mwenye mali, na Mama Waya yuko peke yake chini ya bati, anakunywa chai iliyokwisha kupoa. Alikuwa fundi umeme wa magari. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili pamoja na mumewe, na mwaka mmoja kasoro mwezi bila yeye.

Mumewe watu walimwita Redio, kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. Kisha ugonjwa wa koo ukampokonya sauti yote, hata ya kunong'ona, na watu, kwa ule ukatili wao wa kirafiki, wakaendelea kumwita Redio. Hapo ndipo mke na mume walipojitungia lugha. Kutafuta moto, yaani umeme, kwenye gari kunataka watu wawili: mmoja amelala chini ya dashibodi na taa ya kupimia, mwingine amekaa kwenye usukani, mkono kwenye swichi. Mama Waya alilala, Redio alikaa. Akiita "Washa!" Redio anawasha, anatoa mkono dirishani na kugonga paa mara moja. Akiita "Zima!" anazima, anagonga mara mbili. Gonga tatu ilikuwa na maana moja tu: toka. Usiulize, usimalizie, toka. Gonga tatu ndiyo iliyomwokoa macho siku betri ilipopasuka.

Binti yao alipiga simu kila jioni.

"Mama, njoo ukae na sisi. Humo gereji unaongea na nani?"

"Naongea na magari."

"Ndicho ninachokisema hicho."

Walikuwa wamepatana kwamba Jumamosi binti angekuja na gari lake kumchukua. Mama Waya alikuwa hajafunga hata kanga moja. Moyoni alishaamua: binti akifika atamkaribisha chai, kisha atamwambia haendi. Angemwachaje Redio pale? Tangu amzike, bado ovaroli lake lilining'inia kwenye msumari.

Saa nne hivi gari jeupe likaingia, akashuka Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, hakuna aliyewahi kujua. Alikuwa na simu mbili na begi la ngozi lisilofunguliwa mbele za watu. Lakini leo vifungo vya shati vilikuwa vimepishana, na begi hakuja nalo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo Jumapili, wakubwa hamlali?"

Hakucheka. Akampa boksi dogo. "Nifungie hii kamera. Si ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Iunge kwenye umeme wa gari lenyewe, iwe macho hata nikizima. Ina jicho la nje na la ndani."

"Wezi?"

Mkurugenzi akatazama gari, kisha akasogea na kunong'ona, kama mtu asiyetaka gari limsikie.

"Kila asubuhi nakuta kiti cha dereva kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Milango imefungwa. Ufunguo nalala nao."

"Mkeo je?"

"Mke wangu haendeshi. Na mama... nikikaa, nakuta kiti kina joto."

Mama Waya alikuwa hana subira na mambo ya namna hiyo. Kwake yeye kila jini lilikuwa waya uliochubuka mahali fulani. Akamwambia aache ufunguo, arudi saa kumi. Mkurugenzi akaenda kwa miguu, bila kugeuka nyuma.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alibandika kamera nyuma ya kioo cha katikati, akapitisha waya juu kwenye kitambaa cha paa, akaushusha pembeni mwa mlango kwa nyuma ya mfuko wa hewa, siyo mbele yake kama wanavyofanya mafundi wa haraka haraka. Chini zikabaki nyaya tatu. Mweusi unafungwa kwenye bolti ya bodi. Wa njano unataka fyuzi yenye moto muda wote. Mwekundu unataka fyuzi inayopata moto swichi ikiwashwa tu. Kisanduku cha fyuzi kilikuwa upande wa abiria, chini kabisa. Akalala chali, kichwa ndani, miguu nje ya mlango. Alipolala hivyo hakuweza kuona kiti cha dereva. Aliona uvungu wa dashibodi tu, na vumbi.

Ufunguo alikuwa ameuacha kwenye swichi, umezimwa. Peke yako kazi ni hiyo: unalala, unainuka, unazunguka gari, unawasha, unazunguka tena, unalala. Goti lake la kushoto lilikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo. Wa njano aliupata upesi. Kwa mwekundu akachagua fyuzi ya kiberiti, akauchomeka waya, akagusisha taa ya kupimia. Na kwa mazoea, bila kufikiri, akaita:

"Washa!"

Swichi ikalia. Tk.

Taa ikawaka mkononi mwake.

Juu ya paa, kitu kikagonga mara moja.

Mama Waya hakupumua. Kamera ikalia mlio wake mdogo, ikaanza kurekodi. Swichi imechakaa, akajiambia. Paa limepata jua, bati linatanuka. Akalamba midomo.

"Zima."

Tk. Taa ikazimika. Paa likagongwa mara mbili.

Machozi yakamtoka yakaelekea masikioni, maana alikuwa amelala chali. Hakuinua kichwa. Alijua kwamba akiinuka ataona kiti kitupu, na kiti kitupu alikwisha kukiona mwaka mzima.

Kazi ilikuwa imekwisha. Fyuzi ya kiberiti ilitosha. Lakini akahamisha taa kwenye fyuzi iliyofuata, ya vipangusio vya kioo, ambayo haikumhusu. "Washa." Tk. Gonga moja. "Zima." Tk. Gonga mbili. Akaenda ya dirisha. Akaenda ya honi. Akapima fyuzi zote za gari lile, moja moja, kama mtoto anayenyonya pipi polepole ili isiishe.

"Mwanao anakuja Jumamosi," akasema kwa sauti ndogo. "Anataka nihame. Nimekataa, usiwe na wasiwasi. Sikuachi."

Kisha paa likagongwa. Mara tatu.

Akatabasamu. "Nini tena? Hakuna shoti hapa, mzee."

Mara tatu. Kwa nguvu. Vumbi likamwangukia usoni.

Na hapo, bila yeye kuita, swichi ikalia. Tk. Taa ikawaka. Tk. Ikazimika. Tk. Tk. Tk.

Gonga tatu zikaja tena, na safari hii alisikia vizuri zinakotoka. Zilikuwa juu yake. Nje. Upande wa abiria.

Swichi ilikuwa upande wa dereva.

Walikuwa wawili.

Reli ya kiti cha dereva ikalia, polepole, kiti kikirudi nyuma. Kikasimama. Kisha karibu sana, kutoka juu ya sikio lake, sauti ikanong'ona kwa upole:

"Endelea, mke wangu. Washa."

Redio alikufa hana sauti.

Alitokaje, hakumbuki. Anakumbuka goti kugonga mlango, na taa ya kupimia kumponyoka. Alikwenda kusimama kwenye jua kali, karibu na pipa la maji, na hapo akakaa wima mpaka saa kumi. Mchana kweupe. Barabara tupu. Mbwa wa mlinzi hakuwepo tena.

Mkurugenzi alirudi. Alimtazama uso, akaenda akachomoa kadi ya kamera kwa kunyoosha mkono kupitia dirishani, akaitia kwenye simu. Wakatazama pamoja, wamesimama.

Kila swichi ilipowashwa, kamera ilikuwa imerekodi kipande kifupi. Miguu ya Mama Waya ilionekana mlangoni. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

"Mbona hukuniambia una msaidizi?" akauliza Mkurugenzi.

"Msaidizi gani?"

"Huyu." Akaweka kidole juu ya kioo cha simu. Nje ya mlango wa abiria kulikuwa na kiwiliwili cha mtu aliyesimama wima, kichwa hakionekani. Ovaroli la bluu. Mkono ulioinuliwa juu ya paa.

Mama Waya akageuka kutazama msumari. Ovaroli lilikuwa palepale, linaning'inia. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vumbi jeupe la rangi ya gari.

Kipande cha mwisho hawakukirudia. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu bado, ila sponji lilikuwa limezama. Kisha kiti cha abiria nacho kikabonyea mahali pamoja, padogo, kama mtu aliyeweka kiganja ili ainame atazame vizuri aliye chini.

Mkurugenzi aliita gari la kuvuta. Hakuomba kamera ifunguliwe.

Wiki hiyo Mama Waya alifunga mizigo yote. Alijua maana ya gonga tatu, na mara hii hakutaka kuambiwa mara ya nne. Jumamosi binti akafika, akaegesha chini ya bati, akashangaa kumkuta mamake ameketi juu ya sanduku.

"Makubwa! Nilikuja nimejiandaa kukubembeleza."

"Twende, mwanangu. Chai tutakunywa kwako."

Wakapakia. Ovaroli Mama Waya alilikunja, akalibeba mkononi. Binti akaingia kwenye usukani, akanyoosha miguu, akacheka.

"Mama! Umekaa kwenye kiti changu? Mbona siifikii breki?"

Mama Waya alikuwa bado nje, mkono kwenye mlango. Juu ya kiti cha abiria, kile alichotaka kukikalia, ilikuwa taa ya kupimia. Yake. Ile iliyoondoka ndani ya gari jeupe siku sita zilizopita.

Paa likagongwa mara tatu.

Alimvuta binti kwa mkono mpaka barabarani, mizigo wakaiacha, wakaondoka kwa basi. Binti naye alikuwa amezisikia zile gonga. Katikati ya safari ndipo Mama Waya alipotazama mikono yake na kuona ovaroli halipo.

Gari lile la binti liko palepale chini ya bati mpaka leo. Kila fundi aliyetumwa kulivuta alirudi mikono mitupu bila maelezo. Betri yake ilikwisha kitambo. Lakini muuza matairi wa jirani anasema Jumapili, mchana, mtaa ukitulia, husikia swichi. Tk. Tk. Na kila baada ya hapo paa hugongwa, tatu, tatu, tatu, kama anayemwambia mtu asikaribie.

Siku ile walipoondoka, paa la gari lilibaki na vishimo vitatu, saizi ya vifundo vya vidole. Muuza matairi aliacha kuvihesabu vilipopita mia mbili. Vyote vimebonyezwa kutoka nje.

Isipokuwa kimoja, kipya, ambacho kimebonyezwa kutoka ndani.