Tarehe Iliyokataa Kubadilika

Saa ya laptopu ile ilikuwa nyuma kwa zaidi ya miaka thelathini, na Palupi hakushtuka. Betri ndogo ya saa ikifa, mashine husahau hata mwaka. Kibandani kwao mjini Solo, walikotengeneza kompyuta, aliyaona hayo kila wiki.

"Mwenyewe anaitaka leo," alisema Ratri, rafiki yake tangu shuleni na mshirika wake wa kazi, bila kumtazama usoni. "Ifute, uweke mfumo mpya."

"Haya, bibi mkubwa. Danu vipi?"

"Mzima. Tangu juzi anaila tempe ya soya utadhani hakuwahi kuugua."

Palupi alifurahi kwa moyo wote. Mwezi mzima alikuwa amemlilia mtoto yule wa Ratri hospitalini kama wake wa kumzaa.

Aliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayoamka kabla ya mfumo wowote, akaiagiza mashine ianzie kwenye flashi, akasahihisha tarehe, akahifadhi. Mashine ikazima, ikawaka. Alhamisi, Julai 15, 1993. Akabadilisha betri ya saa, akahifadhi tena. Julai 15, 1993. Kukanukia yasmini. Alidhani ni chai, lakini vikombe vyote viwili vilikuwa na kahawa.

"Ratri, hii si tarehe niliyozaliwa mimi?"

Ratri alikuwa amesimama mlangoni.

Palupi akachomoa waya, akatoa na betri kubwa, akaiweka mezani mbele ya macho yake, na bado feni ikazunguka, polepole kwanza, kisha kwa pumzi ndefu za mgonjwa, na ile harufu ya yasmini ikageuka kuwa ya maua yaliyoozea kaburini, na pale kiooni panapoandikwa jina la mwenye mashine herufi zikajipanga mojamoja bila mtu kugusa kitufe: jina lake, kisha la mama yake.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Danu alikuwa anakufa, shoga. Mganga alisema jini atamwacha akiahidiwa badala. Mtu anayempenda mtoto. Jina lake, siku yake ya kuzaliwa, na ahifadhi kwenye mashine hii kwa mkono wake mwenyewe."

"Siku yangu umeitoa wapi?"

"Kwenye kitambulisho chako. Nilikipiga picha tulipotafuta siku njema ya kufungua kibanda kwa hesabu ya siku zetu za kuzaliwa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakukosea, ila hawakusema kwamba kitakung'ata huku kikikuita shoga. Palupi akacheka, kicheko kibaya cha uchungu.

"Na wewe mtoto wa Solo! Kitambulisho kinajua nini? Nilizaliwa baada ya magharibi, na kwetu jua likizama siku imeshageuka. Mimi ni wa Ijumaa, Ratri. Umempa jini siku isiyo yangu."

Feni ikanyamaza. Jina la Palupi likafutika, herufi kwa herufi. Tarehe ikaanza kukimbia mbele yenyewe, miaka ikapita, ikasimama Machi 9, 2019.

Ratri akapiga yowe. Ndiyo siku aliyomzaa Danu. Simu yake ikaanza kuita mkobani; akaitoa, alikuwa mumewe.

Hakuipokea. Alipiga magoti, akamshika Palupi mkono, vilevile alivyokuwa akimshika wakivuka barabara kwenda shule, akakivuta kidole chake hadi kwenye vitufe.

"Isahihishe," alisema huku akilia. "Nakuomba, shoga yangu. Andika Ijumaa yako."