Jongoo Aliyefukuliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kitinda alinyunyizia maji sanduku la kioo lililokuwa mezani jikoni, akahesabu jongoo wake, akaandika daftarini. Na kila asubuhi Dada Mkubwa alimtazama huku chai yake ikipoa.

Jongoo walikuwa sita, weusi wenye mikanda myekundu. Shangazi yao, mtafiti wa viumbe wadogo wa msituni, aliwaleta wakiwa bado wachanga ili wakue na atambue ni wa jenasi gani, yaani ukoo gani wa jongoo. "Rangi hudanganya," alisema. "Tutangoja dume akomae, tuangalie pingili ya saba ya mwili wake. Pale miguu yake hubadilika umbo, na kila jenasi ina umbo lake."

Kazi ya kuwalea alimpa Kitinda, wa miaka kumi. Dada Mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, anayeongoza darasa zima katika sayansi, alirukwa kama hayupo. Tena mlezi ndiye angefuatana na Shangazi msituni likizo ikifika! Wivu ulimtafuna mpaka usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Siku moja Kitinda aliandika: "Watano. Mmoja amejichimbia."

"Huyo amekufa," Dada akasema.

"Hajafa. Shangazi kasema nikimkosa nisimtafute."

"Uvivu tu huo."

Jumamosi, siku ya Shangazi kuja kuwakagua, Kitinda alipoingia kuoga, Dada alichukua kijiko akafukua udongo. Alimkuta jongoo amejikunja ndani ya kishimo, mweupe, laini, hajitikisi. Moyo wake ulifurahi, na hilo tusimfichie. Akamweka kwenye sahani, karibu na dirisha.

Shangazi alipofika tu, Dada alimpokea mlangoni. "Shikamoo Shangazi. Njoo uone, mlezi wako kaua."

Kitinda alitoka bafuni maji yakimchuruzika. Alipoiona sahani alishika mdomo. "Nilizidisha maji," akasema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, Shangazi. Nadhani nilizidisha maji."

Shangazi alikuwa ameshainamia sahani. "Huyu yu hai! Anajivua ngozi. Akiwa hivi hata kidole chaweza kumuua. Nani kamtoa shimoni?"

Kitinda aliendelea kulia kwa maji aliyodhani amezidisha, wala hakumtazama mtu. Dada angeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa inakwenda kule kule alikoielekeza. Lakini kilio kile kilimchoma kuliko wivu.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka uone ameshindwa, unipe mimi kazi."

Shangazi alijaza udongo wenye unyevu kwenye kopo, akabonyeza kishimo, akamtelezesha jongoo kwa jani, akafunika kwa kitambaa cheusi. "Asiguswe wiki tatu," akasema. "Akifa, utamzika mwenyewe."

Wiki tatu hizo Dada alilinda kopo kama askari. Baba yao alitaka kuweka birika karibu nalo, akafukuzwa jikoni kwake mwenyewe. Naye Dada hakulifunua hata mara moja, ingawa mikono ilimwasha.

Siku ya ishirini na mbili jongoo alijitokeza, mikanda ikiwa myekundu kuliko mwanzo. Shangazi aliitwa, akaja na lenzi yake, akaitazama pingili ya saba kwa muda mrefu.

"Dume, na amekomaa," akasema akicheka. "Na jenasi yake sasa naijua. Kitinda, kafunge mizigo ya msituni."

Kitinda alitoka mbio. Dada alibaki ameinamisha kichwa.

"Kwa akili unamzidi mdogo wako," Shangazi akamwambia taratibu. "Lakini kazi hii inataka mtu anayeweza kungoja bila kushika. Ulimharibia mwenzako, na nusura uue kisicho na kosa. Ila ulisema kweli wakati ungeweza kukwepa, na hilo sitalisahau."

"Lakini Shangazi, wivu bado ninao."

"Kuwa nao tu, mwanangu. Hata mimi huwa nao. Mikono ndiyo uizuie."