Mashimo ya Perege

Seremala hakuweza kuona shimo akatulia. Mbao yenye tundu aliiziba, akaipiga msasa mpaka ikawa laini. Ni paa la jikoni kwake tu lililovuja mwaka hadi mwaka.

Nyuma ya karakana alikuwa na bwawa la perege, samaki wa mto wa jirani. Perege walichimba mashimo mchangani. Kila Jumamosi aliingia na reki, akasawazisha. Wakachimba tena. Akasawazisha tena.

Mwaka ulikatika bila kuonekana kitoto hata kimoja.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mvua zikianza hawajazaa, tufukie bwawa, tujenge banda la kuku."

Seremala aliumia. Aliwapenda perege wale.

Kisha mgongo ukamshika, reki ikalala mwezi mzima. Asubuhi moja akaona vitoto vidogo kama pini, pembeni mwa jike. Aliposogea, jike akafungua mdomo. Vitoto vyote vikaingia.

"Kumbe mwizi ni huyu," alisema. "Anakula wanawe." Akachukua wavu.

Jirani yao, mama mmoja mtaalamu wa samaki, alikuwa amekuja kumjulia hali, na mke wa Seremala akamleta hadi bwawani.

"Shemeji, weka wavu chini. Rudi nyuma, tusubiri."

Walichuchumaa wote watatu. Mara jike akafungua mdomo. Vitoto vikatoka, vizima.

"Anawaficha," jirani alieleza. "Dume huchimba shimo kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Wiki mbili au zaidi, ni kama hali chakula kabisa."

"Na chakula kinampita mbele ya pua?" mke aliuliza.

"Kinampita."

"Huyu wangu huonja mboga mpaka sufuria inabaki tupu."

Seremala hakucheka. "Dada, yale mashimo…"

"Ndiyo kitanda chao cha ndoa. Nawe unakivunja kila Jumamosi."

Hapo akaelewa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kumbe samaki naye anaujua. Reki akaitundika. Akachonga kigoda, akawa anakaa mbali kidogo, anawatazama kwa heshima.

Mvua zilipoanza, bwawa lilikuwa limejaa vitoto. Habari ya banda la kuku ikaisha.

"Sasa nimejifunza kuacha mashimo," Seremala alisema kwa fahari.

Mkewe alisogeza ndoo chini ya paa la jikoni. "La hapa ziba," akasema. "Mimi si perege."