Sisimizi Kwenye Kebaya ya Bu Rukayah

Bu Kasmirah, yaani Mama Kasmirah kwa lugha ya kwao, hakuwa mtu wa kuamini watu. Muuza mboga alipopita na toroli lake asubuhi katika kichochoro chao mjini Kudus, wanawake wengine walitoka na vikapu. Yeye alitoka na kikapu na mizani.

"Bu, robo kilo yangu ya pilipili ni robo kilo tangu enzi za babu yangu," muuza mboga alilalamika.

"Basi na babu yako alikuwa anapunja. Weka hapa tuone."

Pilipili zilipimwa. Uzito ulikuwa sawasawa. Bu Kasmirah alizitazama kwa jicho la pembeni, akalipa, akaingia ndani akiwa hajaridhika.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kwa miaka thelathini alitarizi blauzi za kebaya kwa cherehani ya kukanyaga. Kisha macho yakachoka. Sindano moja akawa anaiona mbili, na siku moja alijishona kidole. Daktari akamkataza kutarizi. Lakini penseli bado aliiweza. Akikaa penye mwanga mzuri, alichora maua makubwa na majani yake, mistari ikatulia kama zamani.

Aliishi na binti yake, Wening, aliyesokota sigara za karafuu kiwandani. Wening aliondoka alfajiri na kurudi mchana, vidole vikinuka karafuu. Mshahara wake ulimtosha yeye na mtoto wake, kwa kujibana. Bu Kasmirah hakutaka kuwa sahani ya ziada.

"Mama, uza michoro," Wening alimwambia siku moja. "Mtu anailipia, anaipata kwenye simu, anaichapisha kwenye duka la fotokopi, anatarizi mwenyewe."

"Yaani nimuuzie mtu hewa?"

"Unamuuzia mchoro."

"Akishaupata kwenye simu yake, kwangu umebaki?"

"Umebaki."

"Hapo lazima kuna mmoja anaibiwa," alisema Bu Kasmirah. "Nikijua ni nani nitakwambia."

Lakini alijaribu. Wening aliihifadhi michoro mtandaoni, akampa mama yake linki, yaani ile anwani ambayo mtu akiibonyeza, michoro inafunguka. Bu Kasmirah akawa anaweka picha ya mchoro kwenye Wasap, bei rupia elfu thelathini na tano. Mteja alituma pesa benki, akapiga picha risiti, akamtumia.

Hapo sasa ndipo ungempenda. Alivaa miwani. Juu ya miwani akaweka lenzi ya kukuzia. Aliikagua picha ya risiti herufi kwa herufi: jina, tarehe, saa, nembo ya benki. Mteja mmoja wa Jepara alisubiri nusu saa nzima. Aliporidhika, ndipo alipotuma linki. Linki ile ile moja, kwa kila mteja.

Miezi miwili biashara ilikwenda. Alinunua mchele kwa pesa yake, akamnunulia mjukuu viatu. Mwezi wa tatu walikuja wateja wawili. Mwezi wa nne hakuja hata mmoja.

"Kuna mtu," alimwambia Wening. "Kuna mtu tu."

Ijumaa moja alasiri alikwenda kwenye darasa la dini la akina mama wa mtaa. Mbele alikaa Bu Rukayah, shoga yake. Hawa wawili walikaa cherehani kwa cherehani katika karakana moja kwa miaka ishirini. Bu Rukayah alikuwa amevaa kebaya mpya ya kijani. Mikononi ilitariziwa vishada vya matunda madogo ya mmea wa parijoto.

Bu Kasmirah alijifanya ameangusha karanga. Akainama, akasogea, akachungulia mkono wa ile kebaya.

Kwenye kikonyo cha tatu kulikuwa na sisimizi.

Kila mchoro wake aliuwekea sisimizi mmoja mdogo kwenye kikonyo cha tatu. Hakuna mtarizi mwingine aliyefanya hivyo. Na huyu Rukayah hakuwahi kununua mchoro kwake! Tena ndiye aliyemsindikiza duka la fotokopi siku michoro ilipoingizwa kwenye kompyuta. Ndiye aliyeshika karatasi!

"Kebaya nzuri, Bu," alisema Bu Kasmirah.

"Asante," Bu Rukayah alijibu kikavu, akageuzia uso dirishani.

Mwizi hawezi kunitazama, aliwaza Bu Kasmirah. Akaangaza macho chumbani. Kwenye kola ya mwanamke wa pili, sisimizi. Kwenye shali ya wa tatu, sisimizi. Dua ya kufunga darasa hakuisikia.

Kesho yake asubuhi alibisha kwa jirani yake, Mwalimu Endang. Huyu alifundisha chekechea, na pia aliuza mtandaoni karatasi za mazoezi za watoto: kuhesabu bata, kupaka rangi embe, mambo hayo.

"Mwalimu, una mwandiko mzuri. Niandikie tangazo. Nitalisoma Ijumaa mbele ya wote. Anza hivi: Miongoni mwetu yumo mwizi, na kebaya yake ni ya kijani."

"Kaa kwanza unywe chai, Bu. Mwizi kaiba nini?"

Akaelezwa yote, kuanzia cherehani mpaka karanga. Mwalimu Endang alisikiliza, kisha akauliza, "Hiyo linki unayowatumia watu, naweza kuiona?"

"Ya nini?"

"Kuiona tu."

Bu Kasmirah alimtumia shingo upande. Mwalimu Endang akaibonyeza. Mara michoro yote kumi na miwili ikafunguka kwenye simu yake.

"Haa! Umelipa saa ngapi?" Bu Kasmirah aliruka.

"Sijalipa hata senti."

"Sasa umeingiaje?"

"Kwa mlango uliouacha wazi, Bu. Linki hii haimuulizi mtu kama amelipa. Mteja akimtumia dada yake, inafunguka. Dada akiitupa kwenye kundi la watu mia tatu, inafunguka kwa wote mia tatu. Na waliolipa, ulikuwa unajuaje kwamba wamelipa?"

"Hapo hunipati," alisema Bu Kasmirah, akatoa lenzi kwenye pochi. "Risiti zote nimezikagua kwa hii."

"Na benki ulikagua?"

Bu Kasmirah aliirudisha lenzi kwenye pochi.

"Programu ya benki niliifuta kwenye simu," Bu Kasmirah alisema polepole. "Ilikuwa inataka alama ya kidole changu. Kidole changu wanakitakia nini?"

Mwalimu Endang aliuma mdomo asicheke. Alimwomba airudishe ile programu. Ilipofika kwenye neno la siri, Bu Kasmirah alimtazama.

"Geukia ukutani, Mwalimu."

"Nimegeuka."

"Funga na macho."

"Bu, nimetazama ukuta!"

"Funga tu."

Zilipofunguka taarifa za akaunti walilinganisha. Picha za risiti zilikuwa ishirini na tatu. Pesa zilizoingia zilikuwa za watu kumi na wanne. Picha tisa zilikuwa za kutengeneza. Yule wa Jepara aliyesubiri nusu saa hakuwa ametuma chochote.

"Risiti ile ilikuwa na nembo," Bu Kasmirah alinong'ona.

"Nembo mtu huibandika kwa simu, dakika mbili tu. Picha ya pesa si pesa, Bu. Pesa ni ile iliyoingia kwenye akaunti. Umewashuku watu wote mtaani, halafu ukaiamini picha."

"Basi Rukayah ni mmoja wa hao tisa."

"Tumuulize."

"Atakana."

"Akikana nitaandika tangazo. Kwa wino mwekundu."

Bu Rukayah aliitwa, akaja baada ya adhuhuri, amenuna tangu mlangoni. Hakungoja kuulizwa.

"Wewe Kasmirah una lako jambo. Miaka ishirini tumekula supu ya nyati bakuli moja. Unagawa michoro bure kwa watu wa Demak, mimi shoga yako unaninyima!"

"Nani kagawa bure?"

"Mpwa wangu kaipata kwenye kundi la watarizi huko Demak, sasa hata wenzetu darasani wanayo. Wameandika kabisa: sadaka ya Bu Kasmirah wa Kudus, Mungu ambariki. Nikasema, haya, shoga yangu siku hizi ana sadaka za mbali. Nikatarizi kwa hasira."

"Ndiyo maana mshono wa mkono umekwenda upande," alisema Bu Kasmirah.

"Umeuona?"

"Nimeuona tangu jana."

Walitazamana. Bu Rukayah ndiye aliyeanza kucheka. Bu Kasmirah alicheka pia, lakini machozi yalikuwa karibu. "Nilitaka michoro ile inilishe, Rukayah. Sasa iko kwa watu wote. Nirudi kula jasho la Wening?"

"Iliyotoka haitarudi," alisema Mwalimu Endang. "Mtu akishaipakua iko kwake. Tufunge ile linki leo hii. Halafu uchore mipya, uiuze kwenye duka lako mwenyewe la mtandaoni, kama mimi."

"Duka la nani hilo? Mwenyewe ni nani? Anakaa wapi?"

"Mwenyewe ni wewe. Ni ukurasa wenye jina lako. Unalipia ada kidogo kila mwezi kwa wanaoutunza, na kila mauzo wanakata asilimia. Soma masharti kabla ya kukubali."

"Nilijua kuna makato."

"Yapo, na yameandikwa. Sasa sikiliza. Mteja anaona picha ndogo ya mchoro, imepigwa maandishi juu, hawezi kuitarizi. Akiupenda, duka linamwonyesha ule mraba wa vidoti. Anauelekezea simu, analipa. Hapo wewe huangalii risiti. Duka lenyewe linapata taarifa kwamba pesa imepokelewa. Isipopokelewa, faili haliendi, hata mteja alie."

"Ikishapokelewa?"

"Anatumiwa linki yake peke yake. Inafunguka mara tatu tu, na baada ya siku tano inakufa. Na chini ya kila ukurasa duka linaandika jina lake: mchoro huu umenunuliwa na fulani. Akiutupa kwenye kundi, jina lake linakwenda nao."

Bu Kasmirah alikaa wima. Hilo lilimgusa. "Kwa hiyo mwizi anajitaja mwenyewe?"

"Karibu hivyo. Kuna atakayekata jina kwa mkasi. Hakuna kufuli lisilovunjika. Lakini wengi si wezi, Bu. Watu wa Demak walidhani ni sadaka, hakuna aliyewaambia vingine. Kwa hiyo kwenye duka lako andika waziwazi: ruhusa kutarizi na kuuza nguo, si ruhusa kumpa mtu faili."

"Na pesa? Inalala kwa nani?"

"Kwa kampuni inayopokea malipo. Unaitoa kwenda benki, kwenye akaunti yenye jina lako. Kabla hujajiunga tunahakikisha ina leseni. Usifuate tangazo lolote unalokutana nalo tu. Na zile tarakimu za siri zinazoingia kwenye simu, usimtajie mtu. Akisema yeye ni wa benki, usimtajie. Hata mimi nikikuomba, usinitajie."

"Wewe hasa," alisema Bu Kasmirah.

Kazi ilichukua wiki tatu. Mwalimu Endang alimfundisha, lakini alimwachia kila kitu akibonyeze mwenyewe. Wening aliporudi kutoka kiwandani alipiga picha michoro mipya. Nakala za michoro ziliwekwa sehemu mbili, simu ikiharibika kazi isipotee. Bu Rukayah alitarizi kila mchoro kwenye kipande cha kitambaa ili mteja aone utakavyotokea. Wakapatana malipo yake kwa kila kipande.

Siku duka lilipofunguliwa, Bu Kasmirah hakulala mchana. Alinunua mchoro wake mwenyewe kuona kama atatapeliwa. Hakutapeliwa. Alipojaribu kuifungua linki mara ya nne, ikamkatalia.

"Ni mimi mwenyewe!" aliigombeza simu. Simu haikumjali. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Wateja walianza kurudi, mmoja mmoja. Waliotaka kutuma picha za risiti kwa Wasap walirudishiwa jibu moja: "Lipia dukani." Wengine walilalamika, wakalipa. Wengine wawili walipotea moja kwa moja, na hao hakuwalilia. Mwezi wa pili alinunua mchele tena.

Kisha Ijumaa moja Bu Rukayah aliingia darasani na karatasi mpya mkononi, akaipitisha kwa kila mtu. Bu Kasmirah alishtuka. Karatasi yake tena? Akaipokonya. Ulikuwa mchoro wa juzi, na chini yake pameandikwa kwa herufi nzuri: Umenunuliwa na Ibu Hajah Rukayah binti Sarmidi.

"Wewe umelipa?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Si ungeniomba tu?"

"Ningekuomba, lingeandikwa jina langu?" Bu Rukayah alijibu kwa sauti ya juu. "Tazameni, mabibi. Pamechapwa hata uhaji wangu. Mimi naiweka kwenye fremu."

Karatasi ilizunguka tena. Mama mmoja aliuliza kama jina la marehemu mumewe nalo linaweza kuandikwa. Mwingine alitaka lake liwe kubwa zaidi kidogo kuliko la Rukayah. Simu zikatoka kwenye mikoba kabla ya chai kuletwa.

Bu Kasmirah aliwatazama wote kwa jicho la pembeni. Kisha simu yake ikaanza kuita kengele ya mauzo, mara moja, mara mbili, mara ya tano, mpaka mwalimu wa dini akamwomba aizime.