Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Saba

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemfinyanga Adamu kwa udongo na kuwaumba majini kwa ndimi za moto usio na moshi. Aliyemfundisha Adamu majina ya vitu vyote, malaika wakasujudu, na mmoja akakataa. Aliyekataa alijua vizuri anachoamrishwa. Kilichomzuia ni wivu, na wivu wote tuuonao leo majumbani na maofisini ni kizazi cha wivu ule. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo: habari hii nimeipokea kwa Bukar Kolo, Mkanuri wa Borno, aliyekuwemo chumbani tangu mwanzo, na sijamjua kusema uongo ila katika utani.

Katika mji mkuu wa jimbo moja la kaskazini ya Nigeria, ambalo jina lake nitalisitiri, palikuwa na chumba kimoja juu ya maktaba ya serikali. Ndani yake mlikuwa na kompyuta mbili, betri za kungojea umeme ukatike, na viti vitatu, ingawa waliofanya kazi humo walikuwa wawili tu. Kazi yao ilikuwa kuhifadhi tovuti za serikali inayoondoka. Kwa maana huko kwetu gavana mpya akishaapishwa, watu wake huanza na tovuti kabla hata ya kubadili mapazia. Picha za aliyetangulia hufutwa, na visima alivyochimba, na shule alizofungua. Ikifika jioni tovuti mpya imezaliwa, kana kwamba jimbo zima limeumbwa asubuhi ile.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Hajiya Rakiya Sambo, Mfulani, mke wa Malam Sanda mwalimu wa hesabu, mama wa watoto wanne. Miezi sita kabla ya haya, mumewe alikuwa ameoa mke wa pili, mjane mwenye watoto wawili aitwaye Salamatu. Na Salamatu ndilo jina la mama yake Malam Sanda. Mke wa Kihausa au wa Kifulani mwenye haya halitamki jina la mkwewe, hata likibebwa na mtu mwingine. Kwa hiyo nyumbani mke mdogo aliitwa Amarya, yaani bibi harusi mpya. Watu walimsifu Rakiya kwa adabu hiyo. Yeye mwenyewe alijua kwamba haya yake ilikuwa imepata mwenzi: kila alipolimeza jina lile, kitu fulani ndani yake kilishiba.

Jumatatu ya wiki ya makabidhiano walikuwa na orodha moja iliyowatia wasiwasi. Serikali iliyokuwa ikiondoka ilikuwa imewagawia wajane mia tatu na arobaini mashamba ya umwagiliaji. Watu wa gavana mpya walikwisha kutangaza kwamba hawatamtambua mjane yeyote ambaye jina lake halionekani katika kumbukumbu zilizopigwa muhuri na kupokelewa na baraza la ardhi kabla ya kiapo, Alhamisi saa sita mchana. Nayo orodha ilikuwa katika tovuti ya wizara tu, tena kwa picha za karatasi. Iliwapasa kuzichukua nakala za picha hizo kila adhuhuri, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na pia kuyaandika majina upya, mmoja akisoma na mwingine akipiga vitufe.

"Mtumwa wangu, leo umechelewa," alisema Rakiya, kwani baina ya Wafulani na Wakanuri upo utani wa tangu mababu.

"Mtumwa ni nani, na mimi ndiye niliyemnunua babu yako kwa kibuyu cha maziwa yaliyoganda?" Bukar aliketi, akajifuta jasho. "Soma, Hajiya. Soma kabla hujaanza kuwalilia ng'ombe."

Akasoma. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea, tulivu, isiyokwaruza. "Mia mbili kumi na tano, Hafsatu Tanko, watoto watatu. Mia mbili kumi na sita, Larai Bawa, watoto sita."

Kisha macho yake yakashuka mstari mmoja. Mstari uliofuata ulikuwa safi kuliko yote, nao ulikuwa wa Amarya, kama alivyoandikwa kabla ya kuolewa tena: Salamatu Ilu, mjane, watoto wawili.

"Mia mbili kumi na saba?" aliuliza Bukar, vidole vikiwa hewani.

"Halisomeki."

"Halisomeki vipi? Picha zenyewe zinang'aa kama sahani."

"Nimesema halisomeki, Bukar. Anayesoma ni mimi."

Bukar akaandika: halisomeki. Rakiya akajiambia kwamba ni haya tu iliyomzuia, na kwamba angemwandikia mwenzake jina lile katika kipande cha karatasi. Karatasi zilikuwa mbele yake, na kalamu juu yake. Hakuandika. Mwanamke yule ana mume wangu, aliwaza. Je, awe na shamba pia?

Walipoinuka kwenda kusali, Bukar aliegemea kiti cha tatu, kile kisichokaliwa na mtu, akauondoa mkono haraka.

"Hajiya, nani alikuwa hapa?"

"Hapakuwa na mtu."

"Kina joto. Joto la mtu."

Chumbani mlikuwa na harufu ya ubani wa bibi harusi, ule wa kufukizia nguo, na nyuma yake harufu ndogo ya nywele zinazoungua.

Jumanne, baada ya kuchukua nakala ya pili, Bukar aliifungua ile ya Jumatatu ili kuzilinganisha. Kila nakala ilipigwa muhuri wa tarakimu, na nukta moja ikisogea, muhuri hukataa. Ulikataa. Akatafuta, akapata: katika picha, mstari wa mia mbili na kumi na saba ulikuwa umevurugika, kama wino uliopitiwa na kidole chenye maji. Akaifungua ya Jumanne. Vilevile.

"Kweli halisomeki," alisema polepole. "Lakini jana, Hajiya, wallahi, nilikaa hapa nikaona picha safi."

Rakiya alikuwa ameanza kuirudia orodha kwa sauti ili kujituliza, na nyuma ya sauti yake, nusu pumzi nyuma, palikuwa na sauti nyingine ya kike ikisoma majina yale yale, ikimfuata kama mwanafunzi amfuatavyo mwalimu, na alipofika mia mbili na kumi na sita na kufunga kinywa, sauti ile haikufunga, bali ilicheka kidogo, ikavuta pumzi, ikangoja.

Jumatano ilikuwa siku nzima ya mwisho ya serikali ile. Saa sita, jua likiwa utosini, saa ambayo wazee wetu huwakataza watoto kuzurura magofuni, walichukua nakala ya tatu na kulifunga fungu lote kwa muhuri wa mwisho. Bukar ndiye aliyetazama kwanza. Alirudisha kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Innalillahi. Hajiya, usitazame."

Akatazama. Mstari ulikuwa umeandikwa upya, kwa mashine ile ile na wino ule ule: Rakiya Sambo, mjane, watoto wanne.

Simu yake ikalia hapo hapo. Alikuwa mke mdogo, akinong'ona kama anayezungumza kando ya mtu aliyelala. "Yaya," alisema, kama Wahausa wamwitavyo dada mkubwa, "njoo nyumbani. Wamemrudisha Mwalimu kutoka shuleni. Anawaka moto, hanitambui. Kila saa anauliza mjane wake yuko wapi, mbona hajaja."

Alipofika, mama mkwe wake alikuwa ameketi nyuma ya pazia na tasbihi, na mke mdogo alikuwa akimkanda mgonjwa kwa kitambaa cha maji. Malam Zangina, msomaji mashuhuri wa ruqya, kisomo cha kutoa majini, aliitwa baada ya alasiri. Hakuja na mbwembwe. Alinawa, akaketi, akasoma kwa muda mrefu akiwa ameshika kidole kidogo cha mgonjwa, mpaka kinywa cha Malam Sanda kikafunguka na sauti ya kike ikatoka humo, na ubani ukajaa chumba.

"Sikuvunja mlango," ilisema. "Nimeachiwa kiti, nimekaa."

"Nani amekuachia?"

"Mwenye nyumba. Alitamani vya mwenzake. Nimeanza kumpa, na cha kwanza alichokuwa nacho mwenzake ni ujane."

Mke mdogo akakidondosha kitambaa. Malam Zangina hakugeuka. "Toka, kwa idhini ya aliyekuumba."

"Nitoke niende wapi? Nimekaa nyuma ya viti vya watawala saba wa mji huu. Kila aliyekuja nilimnong'oneza afute jina la aliyetangulia, naye akafuta, nami nikangoja waandike langu. Hakuna aliyeniandika. Nyinyi mna majina hata makaburini!" Na sauti ikalia, kilio cha mtu aliyenyimwa, kilichokuwa kibaya kuliko kicheko.

Malam Zangina akamwelekea Rakiya, akasema kwa upole, "Hajiya, kuna jina lililofungiwa mdomoni mwako. Lifungulie."

Na hapo Rakiya, ambaye kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe wake hata usingizini, aliyejua kwamba mama huyo yuko nyuma ya pazia akisikia kila pumzi, na kwamba akisema jina lile atalazimika kusema pia kwa nini alilificha, na mbele ya nani, na kwa furaha ya siri ya namna gani, huku mumewe akichemka kitandani na kitu kile kikimtazama kwa macho ya mumewe kama kinachongoja kuona mwanamke atajipenda kiasi gani, alifungua kinywa mara tatu bila sauti kutoka, na ya nne ikatoka.

"Salamatu," alisema. "Salamatu Ilu. Mjane. Watoto wawili. Nililiona jina, nikasema halisomeki. Nilikuwa na wivu."

Pazia likatikisika. Sauti ya kizee ikatoka nyuma yake: "Sema tena, binti yangu. Mimi sijaudhika."

Akasema tena, na tena, mpaka jasho likamtoka mgonjwa kama mvua, harufu ikapungua, na Malam Sanda akalala usingizi wa kawaida, akikoroma.

Alhamisi asubuhi waliifungua kompyuta. Mke mdogo alikuwa amefuatana na Rakiya. Nakala ya Jumatatu ilikuwa safi, na ya Jumanne pia: Salamatu Ilu, watoto wawili, na mihuri ikikubali. Ya Jumatano ilibaki vilevile. Rakiya Sambo, mjane.

Alimpigia simu Malam Zangina. "Ufute ukurasa huo kabla ya adhuhuri," alisema mzee. "Umeandikwa kwa hasira. Sipendi ubaki duniani."

"Muhuri wa Jumatano ndio unaofunga fungu zima," Bukar alinong'ona. "Tukiutoa ukurasa mmoja, baraza la ardhi halitaipokea hata nakala ya Jumatatu. Wajane mia tatu na arobaini, Hajiya. Na huyu mmoja wao."

Rakiya akamtazama mke mwenza. "Umesikia. Nikifuta, mume wetu yuko salama na mashamba yamepotea. Nikiacha, wanao wana shamba, na mimi nimeandikwa mjane."

"Futa, Yaya," alisema Salamatu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shamba nililizoea kabla sijalipata. Mume nimemzika mmoja, sitaki kuzika wa pili."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, na Rakiya akanyoosha mkono. Kidole chake kilipofika juu ya kitufe aliona jinsi litakavyokuwa jambo tamu: atamwokoa mumewe kwa mkono wake mwenyewe, na mwanamke huyu atabaki mikono mitupu, tena kwa hiari yake, tena akishukuru, na utamu ule ulipompanda kooni, ubani ukanukia chumbani, karibu, begani pake, na nusu pumzi nyuma ya sikio lake mtu akanong'ona, "Futa."

Akaondoa mkono.

"Si mimi ninayetaka kufuta," alisema. "Bukar, peleka fungu lote barazani sasa hivi. Lote."

"Na ukurasa huo?"

"Na ukurasa huo."

Saa sita mizinga ya kiapo ililia uwanjani, na tovuti ya zamani ikazimika mbele ya macho yao, ukabaki weupe mtupu. Lakini fungu lilikuwa limepokelewa na kupewa namba.

Wajane wale wanalima mpaka leo. Salamatu analima mpunga na vitunguu, na gunia la kwanza la kila mavuno hulipeleka mwenyewe mlangoni kwa Rakiya. Malam Sanda yu hai, anafundisha, analalamikia chaki. Mkwe wao amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, naye kabla ya kufa alimruhusu Rakiya kulitaja jina lake mbele ya watu wote.

Hata hivyo Bukar ameniambia jambo moja, na aliponiambia hakuwa na utani. Kompyuta za maktaba huandika kila anayefungua ukurasa, na saa aliyoufungua. Ule wa Jumatano hauna mtu anayeuhitaji. Lakini kila siku, saa sita kamili mchana, msomaji mmoja huufungua, asiye na anwani, akakaa katika mstari wa mia mbili na kumi na saba kwa muda wa kutosha kulisoma jina moja polepole, kisha akaondoka. Kwa hiyo kila siku, dakika chache kabla ya saa hiyo, Rakiya huzima feni, husimama, na kulisoma jina la mke mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi ngazini, ili mgeni asilikute limefungiwa tena mdomoni mwake. Hajawahi kukosa siku hata moja. Anaogopa kukosa.

Enyi mliosikiliza mpaka hapa, Mwenyezi Mungu ayaweke majina yenu katika ndimi zenye kuyataja kwa heri, azisafishe nyoyo zenu zisitamani walichopewa wenzenu, na asiwajaalie kuachia kiti kitupu kwa mgeni asiyeonekana. Amina.