Filimbi ya Mtu wa Mwisho

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, si mtu wa kutishwa na kivuli chake. Lakini mtoni harudi tena.

Siku ya mwisho kwenda, walishuka mto watatu, kila mmoja na kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja: mkewe mbele, shemeji katikati, yeye nyuma. Familia ile ina desturi yake. Wa mwisho akishavuka mkondo mkali hupuliza filimbi mara moja, maana yake, “Tumevuka sote.” Mara mbili maana yake, “Ningojeni.”

Mkondo wenyewe umo korongoni, miamba imeziba jua, mchana kama usiku. Fundi akavuka, akapuliza. Hajaishusha filimbi mdomoni, nyingine ikalia kule alikotoka. Mara mbili.

Akageuka. Povu tu.

“Shemeji, utani una mipaka!” alifoka walipokutana kwenye maji matulivu.

“Utani gani? Yangu nimeisahau nyumbani. Muulize dada.”

“Ni mwangwi tu, mume wangu,” mkewe akasema.

Mwangwi gani huo, unaitwa mara moja unaitika mara mbili? Jicho la fundi halikubanduka kwa shemeji yake.

Wakapandisha kayaki juu ya gari, wakazilaza kifudifudi, wakazifunga kamba. Mke alikuwa kwenye usukani. Shemeji alisimama mbele ya fundi, anakamua fulana kwa mikono miwili. Filimbi ya fundi ilining'inia kifuani pake.

Ndipo juu ya gari, ndani ya kayaki yake mwenyewe, filimbi ikalia taratibu, kama ya mtu aliyeishiwa pumzi.

Mara moja.